Jogoo, mamba na mende: historia iliyo nyuma ya riwaya ya Glory

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 2017 nilikuwa zamu kwenye chumba cha habari, mimi na mhariri wa usiku na mlinzi aliyekuwa akija kuchaji simu. Vifaru vilikuwa vimeonekana nje ya Harare tangu mchana. Alfajiri, Meja Jenerali Sibusiso Moyo akatokea kwenye televisheni ya taifa ya Zimbabwe, kavaa magwanda, akasoma karatasi: jeshi halijachukua nchi, Rais Mugabe na familia yake wako salama, wanaotafutwa ni wahalifu wanaomzunguka. Tulicheka. Mhariri akauliza, "Sasa hii tuiiteje?" Neno mapinduzi likaandikwa kwenye kichwa cha habari, likafutwa, likaandikwa tena.

Siku chache baadaye, Mugabe alipokuwa anaelekea kuondoka, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa mrithi wake, Emmerson Mnangagwa. Jina lake la utani ni Ngwena, yaani mamba. Kwa mwandishi kijana hiyo ni kama kuokota hela barabarani. Nikamwandika mamba aliyetulia majini, mamba aliyesubiri, mamba aliyefungua kinywa. Juzi nimeirudia makala ile na nimehesabu. Neno mamba limo mara tisa. Neno Gukurahundi halimo hata mara moja.

Sikulificha. Sikulijua vizuri, ndiyo aibu yenyewe. Nilikuwa na shahada, nilikuwa nimesoma historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika tangu sekondari, naweza kukutajia vyama vyote vya ukombozi na vifupisho vyake. Kilichotokea Matabeleland baada ya bendera kupandishwa hakikuwa kwenye mtihani.

Aliyenifundisha ni mbuzi. Yaani mbuzi wa kwenye riwaya.

Glory ya NoViolet Bulawayo ilitoka mwaka 2022 na ikafika kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Nchi inaitwa Jidada, na wakazi wake wote ni wanyama. Anayetawala ni Farasi Mzee, ambaye ameongoza kwa miaka 40 na anaamini jua lenyewe linamtii. Mkewe ni punda mwenye shahada ya udaktari na ulimi mkali. Wanajeshi na polisi ni mbwa. Farasi Mzee anaangushwa, na nafasi yake inachukuliwa na farasi mwingine aliyekuwa makamu wake, Tuvius Delight Shasha, kwa kifupi Tuvy. Msomaji yeyote aliyefuatilia habari za 2017 hahitaji kuambiwa nani ni nani. Grace Mugabe alitunukiwa udaktari wa falsafa na Chuo Kikuu cha Zimbabwe mwaka 2014 katika muda mfupi uliozua maswali mengi, na mashabiki wake wakawa wanamwita Dr Amai, Daktari Mama. Bulawayo hakuhangaika sana: punda wake anaitwa Doctor Sweet Mother.

Wahakiki wengi wameilinganisha na Shamba la Wanyama ya Orwell, ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili tangu tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Ulinganisho una haki yake, kwani Wazimbabwe wenyewe walikuwa wakiitaja riwaya ya Orwell kila kukicha siku zile. Lakini nadhani unatupotosha kidogo. Orwell alichukua Warusi akawafanya nguruwe na farasi. Katika Zimbabwe wanyama walishakuwepo. Siasa ya nchi ile ilikuwa zizi kamili kabla mwandishi hajagusa kalamu, na baadhi ya watu waliuawa baada ya kupewa majina ya wanyama. Ukisoma Glory bila kujua hilo, utacheka kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Tuanze na jogoo. Jogoo, jongwe kwa Kishona, ndiye alama ya ZANU-PF. Yuko kwenye jengo la makao makuu ya chama jijini Harare, na kwenye uchaguzi wa 1980 mashabiki walikuwa wakiwika mikutanoni. Mamba naye ana historia. Mwaka 1964 kikundi cha wapiganaji wa ZANU kilichojiita Kundi la Mamba kilimuua mlowezi mmoja kule mashariki mwa nchi, shambulio linalohesabiwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa ya vita vya ukombozi. Jina la Mnangagwa linafungamanishwa na kundi hilo. Alikamatwa mwaka 1965 kwa kesi ya kulipua treni, akahukumiwa, akanusurika kitanzi kwa hoja kwamba umri wake ulikuwa bado, akakaa jela miaka 10. Miongo mitano baadaye kambi yake ndani ya chama ilipachikwa jina la Lacoste, kwa sababu ya yule mamba wa kwenye fulana. Hadi hapo unaweza kutabasamu.

Kwa hao wengine inabidi turudi nyuma, na sehemu ya safari inapita kwetu.

Aprili 1963 Joshua Nkomo, kiongozi wa ZAPU, aliwaleta viongozi wenzake Dar es Salaam akiwa na wazo la kuunda serikali ya uhamishoni. Mwalimu Nyerere hakulipenda wazo hilo. Alitaka warudi nyumbani wakapambane huko. Wakiwa wamekwama hapa, manung'uniko dhidi ya Nkomo yakaiva. Agosti 1963 waliojitenga wakaunda ZANU, nyumbani kwa Enos Nkala katika kitongoji cha Highfield, Salisbury, mji unaoitwa Harare leo. Ndabaningi Sithole akawa rais wa chama, Mugabe katibu mkuu. Ugomvi ulikuwa wa uongozi na mkakati. Haukuanza kama ugomvi wa Washona na Wandebele. Sura hiyo uliipata baadaye, kadiri kila upande ulivyozidi kuchota wafuasi na wapiganaji wake upande mmoja wa nchi.

Mama yangu anatoka Kilolo, mkoani Iringa. Utotoni nikienda likizo nilisikia wazee wakitaja Mgagao, "kambi ya wapigania uhuru", kwa sauti ya fahari. Fahari ina msingi. Mgagao walifunzwa vijana wa ZANLA, jeshi la ZANU, na mwaka 1975 maofisa waliokuwa pale waliandika waraka wa kumkataa Sithole na kumtaja Mugabe kuwa ndiye wanayeweza kufanya naye kazi. Waraka ule wa Mgagao ni moja ya ngazi alizopandia Mugabe. Ambalo sikuwahi kulisikia likizo ni kwamba mwaka 1976, Tanzania na nchi nyingine za mstari wa mbele zilipojaribu kuunganisha majeshi ya ZANU na ZAPU kuwa jeshi moja, vijana wa pande mbili waligeuziana silaha kwenye kambi zilizokuwa katika ardhi yetu. Pale Mgagao waliouawa walikuwa vijana wa ZIPRA, jeshi la ZAPU. Walikuja kujifunza kupigana na Ian Smith, wakafia Iringa kwa risasi za wenzao.

Uhuru ukaja tarehe 18 Aprili 1980. Nkomo akaingia kwenye baraza la mawaziri la Mugabe, na majeshi mawili yakaanza kuchanganywa. Novemba mwaka huohuo Nkala, yuleyule mwenye nyumba ya Highfield, sasa waziri, alihutubia mkutano mjini Bulawayo kwa maneno makali dhidi ya ZAPU. Mapigano yakazuka katika kitongoji cha Entumbane kati ya wapiganaji waliokuwa wanasubiri kuingizwa jeshini. Februari 1981 yakazuka tena, na safari hii watu zaidi ya 300 wakafa. Wapiganaji wengi wa zamani wa ZIPRA wakatoroka jeshi na bunduki zao. Wachache wao wakawa majambazi wa porini, wakaua watu, wakiwemo wakulima wa kizungu. Hawa ndio serikali iliwaita waasi, na si uongo kwamba walikuwepo. Mpaka yote yanakwisha, waliojitokeza kusalimisha silaha walikuwa 122. Ishike namba hiyo.

Februari 1982 serikali ikatangaza kukuta silaha zilizofichwa kwenye mashamba ya ZAPU. Nkomo akafukuzwa kwenye baraza. Mugabe akaeleza hadharani kwamba kuwa na ZAPU serikalini ni sawa na kufuga nyoka, swila, ndani ya nyumba, na dawa ya nyoka ni kumponda kichwa. Huyo ndiye mnyama wa tatu.

Wakati huo tayari kulikuwa na kikosi kinachofundishwa pembeni. Makubaliano na Korea Kaskazini yalifikiwa Oktoba 1980. Wakufunzi 106 waliwasili Agosti 1981. Kikosi hicho, Brigedi ya Tano, kilikuwa na bereti zake nyekundu na vyombo vyake vya mawasiliano visivyoingiliana na vya jeshi lingine. Kamanda wake, Perrance Shiri, aliripoti juu kabisa. Mugabe mwenyewe alikipa jina la Gukurahundi. Kwa Kishona ni ile mvua ya mwanzo inayosomba makapi kabla ya msimu kuanza. Neno zuri la mkulima. Shida ni moja tu, nani makapi?

Januari 1983 brigedi ikaingia Matabeleland Kaskazini. Tarehe 5 Machi gazeti la serikali la Bulawayo, The Chronicle, liliripoti hotuba ya waziri wa usalama wa taifa, aliyewafananisha waasi na mende, na brigedi na dawa ya DDT iliyoletwa kuwaangamiza. Waziri huyo alikuwa Emmerson Mnangagwa. Yule "mamba" wangu. Mwenyewe amekana kuhusika na mauaji hayo. Lakini mende kwenye hotuba walikuwepo, na neno hilohilo, inyenzi, lilitumiwa Rwanda pia.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana ni rahisi kunyoosha kidole kuelekea kusini. Sisi tuliokulia chini ya kumbukumbu za Ujamaa tunajua neno kupe. Makupe walichorwa magazetini, waliimbwa mashuleni, na kila mtu alijua ni duka la nani linalosemwa. Haikufika kwenye makaburi ya halaiki, na tofauti hiyo ni kubwa mno. Ila tulikuwa na msamiati.

Kilichofuata Matabeleland kimeandikwa kwa kina katika ripoti ya Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani ya Zimbabwe na shirika la msaada wa kisheria, iliyotoka mwaka 1997. Wanakijiji walikusanywa, wakapigwa, wakalazimishwa kuchimba makaburi na kuimba nyimbo za ZANU kwa Kishona huku wakicheza juu ya makaburi ya ndugu zao. Mwaka 1984 operesheni ikahamia Matabeleland Kusini, na hapo silaha ikawa unga. Ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame. Maduka yalifungwa, magari ya chakula yakazuiwa, watu wapatao 400,000 wakabaki na njaa kwa miezi kadhaa. Waliokamatwa walipelekwa kambi ya Bhalagwe, wilayani Matobo, na miili ikatupwa kwenye mashimo ya mgodi wa zamani wa Antelope, jirani na hapo. Idadi ya waliouawa hadi 1987 inayotajwa zaidi ni watu 20,000. Sasa iweke kando ya ile 122.

Nkomo alikimbilia Botswana Machi 1983, kisha London. Majenerali wake Dumiso Dabengwa na Lookout Masuku walishinda kesi ya uhaini mahakamani na bado wakarudishwa kizuizini. Desemba 22, 1987 Nkomo alitia saini mkataba wa umoja ulioimeza ZAPU ndani ya ZANU-PF. Mwaka uliofuata ukatangazwa msamaha kwa pande zote. Tume iliyoundwa na Mugabe kuchunguza ilishamkabidhi ripoti, na mpaka leo haijawekwa hadharani. Nkomo alipofariki mwaka 1999, Mugabe aliuita wakati ule wakati wa wazimu. Wengi walilipokea kama kukiri. Mimi naona wazimu hauhitaji wakufunzi 106 na gwaride la kuhitimu.

Basi turudi kwa mbuzi wangu. Jina lake ni Destiny. Ametoweka Jidada miaka kumi, tangu vurugu za uchaguzi. Hii ni 2008, Mugabe aliposhindwa na Morgan Tsvangirai katika duru ya kwanza, na kabla ya marudio wafuasi wa upinzani wakawindwa kijiji kwa kijiji. Destiny anarudi nyumbani na kumkuta mama yake, Simiso, mwanamke aliyebeba kitu asichokisema. Zaidi ya nusu ya riwaya inakuwa imeshapita kwa mbwembwe, foleni, mitandao, wachungaji wa kulipwa, farasi walevi wa madaraka. Kisha Simiso anasimulia mwaka 1983. Familia yake, kijiji chake, mbwa wenye bereti.

Nilisoma sura hiyo nikiwa kwenye basi la Iringa na ikabidi nifunge kitabu kwenye vilima vya Kitonga. Katika kurasa hizo unasahau kwato na mikia. Wanyama wa Jidada, ambao kwa kurasa mia mbili ulikuwa unawacheka kama wanyama, wanakuwa watu kamili mahali hasa ambapo historia iliwageuza watu kuwa mende. Kama riwaya hii ina sababu ya kuwa ya wanyama, ni hapo. Kwingine, niseme ukweli, mtindo unachosha: marudiorudio yamezidi, na kurasa nzima za maoni ya mtandaoni zingeweza kupunguzwa bila mtu kulalamika.

Kijiji cha Simiso kwenye riwaya kinaitwa Bulawayo. Jina la mwandishi nalo ni la kujipa: alizaliwa Elizabeth Zandile Tshele mwaka 1981 katika wilaya ya Tsholotsho. Violet lilikuwa jina la mama yake, aliyefariki yeye akiwa mchanga, na "No" kwa Kindebele ni "pamoja na". Tsholotsho ni miongoni mwa wilaya za kwanza kuingiliwa na Brigedi ya Tano. Mwandishi alikuwa na mwaka mmoja na miezi. Nilipounganisha tarehe hizo nilielewa kwa nini mapinduzi ya 2017, ambayo sisi huku tuliyachukua kama tamthilia, kwake yalikuwa mlango tu wa kuingilia kwenye jambo jingine.

Maana angalia nani walikuwa jukwaani siku zile tukishangilia. Mnangagwa aliapishwa tarehe 24 Novemba. Jenerali Constantino Chiwenga, aliyeongoza jeshi kumwondoa Mugabe, akawa makamu wa rais. Meja Jenerali Moyo wa televisheni akapewa wizara ya mambo ya nje. Wizara ya kilimo na ardhi akapewa Perrance Shiri. Nililiandika jina la Shiri kwenye habari ya baraza jipya, tena kwa usahihi wa herufi zote, nikaendelea na chai yangu.

Agosti 1, 2018, siku mbili baada ya uchaguzi, wanajeshi walifyatua risasi mitaani Harare. Watu sita walikufa na 35 wakajeruhiwa. Tume ya uchunguzi iliongozwa na Kgalema Motlanthe wa Afrika Kusini, na mmoja wa makamishna alikuwa Jenerali Davis Mwamunyange, mkuu wetu wa majeshi mstaafu. Tume ilikuta kwamba vifo na majeraha vilitokana na jeshi na polisi. Ripoti hii angalau ilichapishwa.

Mwisho wa Glory sitausimulia, ila Jidada inafika mahali ambapo Zimbabwe haijafika. Wapo waliouita mwisho mwepesi. Naelewa. Agosti 2023 Mnangagwa alitangazwa mshindi kwa muhula wa pili, katika uchaguzi ambao hata waangalizi wa SADC, watu wasiopenda kukosoa, walisema haukufikia viwango. Riwaya inaruhusiwa kuota. Bado mimi ningebadilisha ndoto yote ile kwa kurasa chache zaidi za Simiso.

Huko Matabeleland kazi inayoendelea ni ya makaratasi. Kuna watu wazima waliokosa vyeti vya kuzaliwa kwa sababu baba alichukuliwa usiku na hana cheti cha kifo, na bila cheti hakuna kitambulisho. Julai 2024 Mnangagwa alizindua mjini Bulawayo mpango wa machifu kusikiliza wahanga kijiji kwa kijiji. Baadhi ya wahanga wanauliza itakuwaje msikilizaji mkuu awe yeye. Bhalagwe, wanaharakati wameweka kibao cha kumbukumbu zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja kimeharibiwa.

Makala yangu ya 2017 bado iko mtandaoni na mamba wake tisa. Nimeandika aya ya kuongezewa chini yake, nimeituma kwa wanaohusika, na nimeituma tena. Ina Tsholotsho, ina Bhalagwe, ina tarehe 5 Machi 1983.